Vyumba Kumi na Viwili vya Sima

Morogoro, 16 Februari 1997

Dada Kwandu,

Mwadila. Najua ukifika kwenye salamu hii utaitikia kwa sauti hata kama mwanao Lucy atakucheka, kwa hiyo nami nasema mhola, tuendelee. Huku tuko wazima. Mvua za vuli hazikunyesha, mahindi yamepanda bei, na bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki, lakini hatulali njaa. Kazi kiwandani inaendelea kama kawaida. Felisita na watoto wanakusalimu. Yule mkubwa sasa ananipita urefu.

Nimeshika kalamu kwa jambo moja. Unamkumbuka Marcelo, yule niliyekuambia tuko naye idara moja? Aliacha kazi, akaajiriwa na mfanyabiashara anayenunua pamba, na msimu uliopita waliletwa Bariadi. Amerudi na habari nyingi. Anasema tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, mji umekuwa mwingine. Makarani, madereva na wapagazi wanatoka Mwanza, Shinyanga, hata Dar es Salaam, na pa kulala hapatoshi. Yeye alilipa elfu tano kwa mwezi kwa chumba kisicho na dirisha, na siku aliyohama walikuja watu wanne kukigombania.

Nina akiba kidogo. Kile kiwanja alichotuachia baba kule Sima kimekaa bure miaka yote. Nataka kujenga vyumba kumi na viwili, mistari miwili inayotazamana, choo mwisho. Elfu tano mara kumi na mbili, dada, ni zaidi ya mshahara. Niulizie bei ya matofali ya kuchoma na mabati, na kama fundi Masalu bado anafanya kazi.

Watu wa ukoo usiwaambie kwanza.

Mdogo wako,
Masunga


Bariadi, 29 Machi 1997

Mdogo wangu Masunga,

Mhola. Nimeitikia, na ni kweli nimechekwa. Barua yako imetumia wiki tano kunifikia. Sisi tupo. Shangazi Kabula wa Migato alifariki mwezi uliopita, tukamzika Jumatano kwenye jua kali. Siku zake za mwisho alikuulizia. Alisema, "Yule wa Morogoro bado ana miguu?" Nikamwambia unayo, ni likizo huna. Ni miaka tisa sasa hujaja. Ng'ombe wamekonda na pamba imeota kwa mabaka. Cherehani yangu inanilisha, na vile vyumba viwili vya uani kimoja kina mwalimu, kingine kitupu. Lucy anakusalimu.

Bei ulizoomba nimeziandika nyuma ya karatasi hii. Lakini unajua nilikaa miaka kumi na minne kwenye mizani ya chama cha msingi kabla hakijafa. Mazoea hayo hayajanitoka, sisemi uzito wa gunia kwa kulitazama. Jumanne iliyopita nilifunga cherehani, nikavaa viatu vya kutembelea, nikaenda kuhesabu.

Kule Sima, kuanzia kwenye kona ya barabara hadi kiwanja cha baba, kuna vyumba vya kupanga sitini na vinne. Arobaini na kimoja vina kufuli. Vingine vimewekwa mabua na kuni. Nilimkuta mzee Kristofa, mwenye vyumba kumi, amekaa kizingitini.

"Una wapangaji wangapi mwezi huu?" nikamwuliza.

"Wawili. Mmoja mwanangu."

"Naye analipa?"

"Anakula kwangu, nitamdai nini?" Kisha akasema, "Njoo Julai, mama. Julai napangisha hadi ukumbi."

"Na Novemba?"

Ndani ya chumba nyuma yake niliona mbuzi.

Halafu nikapanda Somanda, karibu na hospitali. Huko vyumba ni vichache, nilihesabu ishirini na vitatu, na chenye kufuli kilikuwa kimoja tu, mwenyewe amekwenda msibani Malampaka. Wanaokaa ni manesi, walimu, mtu wa mifugo, mtu wa mahakama. Wanalipa elfu tatu, siyo tano. Lakini wanailipa Januari kama wanavyoilipa Julai.

Masunga, elfu tano ya Marcelo ni ya miezi minne. Yeye ameuona mji siku za mavuno tu. Halafu kiwanja cha baba kina udongo wa mbuga, ule mweusi, kiangazi ukipasuka mkono unaingia. Ukuta juu yake utakuwa unauziba nyufa kila mwaka. Kisima cha karibu ni mwendo wa nusu saa.

Kabla ya kununua hata tofali moja, njoo uone kwa macho yako. Uje mara mbili, wakati mji umejaa na wakati mtupu. Uje na Felisita. Na mbona safari hii hakuandika mstari wake chini ya barua kama siku zote?

Dada yako,
Kwandu


Morogoro, 18 Mei 1997

Dada Kwandu,

Mwadila. Pole kwa msiba wa shangazi, na mimi nipokee pole hapo hapo kwa kuwa sikuwepo. Felisita alikuwa na haraka siku ile ya barua. Anakusalimu, na watoto pia.

Nimesoma hesabu yako mara tatu. Nakuheshimu, dada, lakini umeuhesabu mji wa zamani. Ulikuwa mtu wa chama, ukazoea mnunuzi mmoja na bei moja inayotangazwa redioni. Hayo yamekwisha. Sasa kila mwenye gari na mizani anaweza kununua. Mwaka huu watakuja watano, mwakani kumi, halafu watajenga vinu vya kuchambulia, na vinu vinataka wafanyakazi wa mwaka mzima. Anayejenga leo ndiye watakayemkuta. Anayengoja kufuli zote zifunguke atakuta viwanja vimekwisha.

Marcelo anakuja Juni na wenzake. Nimempa fedha akuletee mkononi. Ni zote nilizonazo, kwa hiyo zitunze. Mwambie Masalu achimbe msingi mara moja. Kuja siwezi, kazi zimebana.

Masunga


Bariadi, 27 Julai 1997

Mdogo wangu,

Mhola. Marcelo alifika tarehe ishirini Juni, na bahasha aliikabidhi bila kupungua. Nimeiweka benki. Msingi haujachimbwa. Usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua.

Mji umejaa. Barabarani magari ya pamba yamesimama foleni na kila mti una nyuzi nyeupe. Kristofa amewatoa mbuzi, chumba chao kinalala vijana watatu wa kupakia magunia. Chumba changu cha uani amekichukua Marcelo, na wenzake wawili wamechukua kile cha mbele alichokuwa akikaa marehemu mume wangu. Sikuwatafuta, walibisha hodi wenyewe. Nawapikia jioni, Lucy ananisaidia. Wanasimulia habari za magari yaliyokwama Lagangabilili, wanabishana mpira, wanacheka hadi kuta zinaitikia. Nimesahau lini mara ya mwisho nilipika ugali wa watu watano. Ungeniuliza mwezi huu peke yake, ningesema jenga, na siyo kumi na viwili, jenga ishirini.

Kwa hiyo sikujiamini. Nilimwuliza Marcelo mezani, "Mkimaliza kununua, nani anabaki?"

"Mlinzi wa ghala, mama."

"Na bosi wako akijenga kinu, wafanyakazi watapanga wapi?"

"Atawajengea uani kwake. Anataka kuwaona."

Nikaenda tena Somanda. Safari hii sikuhesabu milango, niliuliza watu. Pale nje ya wodi ya wazazi kuna nesi anaitwa Elizabeth. Anakaa na watoto wawili kwenye chumba kimoja, na wenzake wanne wako hivyo hivyo. Nilimwuliza angependa nini. Akasema, "Chumba na sebule, jiko langu, maji karibu, na mlango usiotazamana na mlango wa mlevi." Nikamwuliza angelipa kiasi gani. Akafikiri kidogo, akasema elfu sita, na akanionyesha kwamba anaweza, maana mshahara wake haujui msimu. Watu kama hao mji huu unao, na hakuna anayewajengea, kwa sababu wote wanamjengea karani wa pamba.

Ushauri wangu ni huu. Vyumba kumi na viwili vya Sima uviache. Kuna mjane anauza kipande kidogo Somanda, udongo wa kichanga, kisima kiko hatua mia mbili. Ijengwe nyumba ya pande mbili tu, kila upande chumba, sebule na jiko. Fedha yako inatosha na akiba itabaki. Haitakutajirisha. Lakini haitakaa tupu.

Jambo jingine. Juzi tukila, Marcelo alitamka kitu kuhusu kiwandani kwenu bila kujua kwamba sikijui. Nikamwongezea mboga. Nangoja unieleze mwenyewe.

Dada yako,
Kwandu


Morogoro, 9 Septemba 1997

Dada,

Sisi wazima.

Mimi ni mdogo wako lakini si mtoto. Fedha ni zangu na kiwanja ni cha baba. Mpe Masalu kazi, vyumba kumi na viwili, Sima, kabla ya mvua. Pande mbili za nyumba haziwezi kumtunza mtu na familia.

Ya Marcelo ni ya Marcelo.

Masunga


Bariadi, 23 Novemba 1997

Masunga, ilumbu lyane,

Nakuita kama mama alivyotufundisha kuitana, kaka na dada waliotoka tumbo moja, ili usome barua hii hadi mwisho.

Mvua inanyesha tangu mwezi uliopita na haijapumzika. Wanunuzi wameondoka. Siku waliyopakia vitu vyao nilifua mashuka yote, nikayaanika, yakalowa, nikayaanika tena. Nyumba imerudi kuwa nyumba yangu. Mwalimu naye amehamishwa.

Nitakuambia nilichofanya baada ya barua yako. Nilikaa mezani nikaandika: Sawa, mdogo wangu, umenishinda, msingi tumeuchimba, njoo usimamie ukuta. Niliandika hivyo kwa sababu najua ungekuja. Ungeshuka kwenye basi hapo sokoni, nami ningekupikia, na tungesimamia vyumba vyako kumi na viwili hadi jioni. Ningekuwa na mtu wa kuzungumza naye miezi yote ya kujenga. Halafu Novemba ya mwakani ingefika tukiwa tumekaa kwenye kizingiti, na fedha yako yote iko kwenye kuta ambazo hakuna anayezitaka. Nilitia barua ile kwenye bahasha. Ilikaa siku nne juu ya cherehani. Siku ya tano nikaichana.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Fedha iko benki, kitabu kiko kwangu, na jina ni lako. Ukitaka kujipeleka mwenyewe hasarani, njoo uichukue. Mimi sitakuwa mkono wa kukupeleka.

Sasa ya Marcelo. Alisema, "Tulipopunguzwa kazi mwaka jana Machi, mimi nilibahatika, Masunga ndiyo bado." Kisha akasema ulipobaki peke yako ulikuwa unakula kwake. Nikamwuliza peke yako vipi. Akaona amekosea, akanywa maji. Lakini alishasema. Felisita aliondoka na watoto kwenda kwao Ifakara tangu Agosti ya mwaka ule. Barua mbili umeniletea salamu zake.

Sikulaumu. Mtu aliyetunza mashine za kiwanda miaka ishirini na mbili, siku moja akapewa bahasha ya kiinua mgongo na kuambiwa kiwanda kimeuzwa, atamwandikia nini dada yake? Nilifungiwa mizani na mimi. Wiki tatu niliamka kila asubuhi nikavaa kwenda kazini.

Sasa nimeelewa kwa nini ni kumi na viwili. Ulitaka kurudi nyumbani ukiwa mwenye nyumba, siyo mtu aliyepunguzwa. Masunga, hakuna aliyekuwekea sharti hilo.

Kwandu


Morogoro, 30 Januari 1998

Dada,

Ni miezi minne sijapata neno lako. Najua reli imekatika kwa mvua, lakini mabasi yanapita, watu wanapata barua. Wakati wenye vyumba wanajipanga kwa msimu, mimi sijui hata kama msingi upo. Nimeuza kitanda na redio. Kama fedha umeila, sema umeila, nijue nina dada wa namna gani.

M.


Morogoro, 22 Machi 1998

Dada Kwandu,

Barua yako ya Novemba imenifikia jana. Bahasha ilikuwa imelowa na kukauka mara nyingi, ikawa ngumu kama ngozi, na wino umesambaa, lakini nilisoma kila neno. Karani wa posta aliniambia gunia zima lilikuwa limekwama njiani. Nilikaa kwenye ngazi za posta. Kama barua yangu ya Januari imekufikia, na najua imekufikia, kwa sababu mabaya hayacheleweshwi na mvua, ichome. Siwezi kuifuta kwa maneno.

Yote ni kweli. Nilipewa barua ya kupunguzwa tarehe kumi na moja Machi, asubuhi, tukiwa tumevaa ovaroli. Nilimficha Felisita miezi miwili. Nilikuwa natoka na chakula kwenye kopo, nakaa bustanini hadi saa tisa. Alipojua hakugomba kwa sababu ya kazi. Alisema, "Ungeniambia." Kisha alisema tena siku aliyoondoka. Salamu nilizokuwa nakuandikia nilizitunga nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Sasa na mimi nina la Marcelo. Alikaa kwako miezi mitatu, akala kwenye meza yako kila jioni. Aliporudi nilimwuliza, Lucy amekuwa msichana wa namna gani? Akaniambia, "Lucy gani? Yule mama anaishi peke yake." Nilikuwa nimekasirika wakati ule, nikaliweka neno hilo kama silaha ya kukupiga siku moja. Sasa nauliza tu. Mwanao yuko wapi, dada?

Kuhusu nyumba fanya unavyoona. Nunua kile kipande cha Somanda. Nesi yule bado anatafuta?

Mdogo wako,
Masunga


Bariadi, 15 Novemba 1998

Ilumbu lyane Masunga,

Mhola. Barua yako ya Januari ilifika kabla ya ile ya Machi, ndiyo. Niliisoma mara moja. Tuiache hapo.

Nimepata na ile ya Agosti. Nimefurahi kwamba ulifika Ifakara na watoto wakakukumbatia. Felisita kukwambia ameshazoea huko, hilo ni gumu, lakini amelisema usoni kwako na wewe umelisikia ukiwa umesimama mbele yake. Umesema pia mmiliki mpya amezichukua nyumba za wafanyakazi, na wewe sasa ni mpangaji kwenye chumba cha nyuma ya gereji. Unaonaje kufuli lake? Samahani, nakutania.

Uliuliza habari za Lucy. Aliondoka miaka mitatu iliyopita na dereva wa lori, kwenda Mwanza. Tuligombana asubuhi, jioni kitanda chake kilikuwa kitupu. Nilimfuata mara moja, nikatembea Mwanza siku nne nikiuliza, nikarudi. Hajaandika. Niliendelea kumtia kwenye barua kwa sababu nikiandika Lucy anakusalimu, kwa muda huo mfupi wa kuandika anakuwa yuko jikoni. Bado kimya. Ukisikia mtu anakwenda Mwanza, mwambie jina lake.

Msimu wa mwaka huu ulikuwa mbovu. Mvua zile ziliozesha pamba shambani, na wanunuzi waliokuja hawakujaa hata guest mbili. Kule Sima maji yalisimama wiki tatu. Ukuta wa mzee Kristofa wa upande wa mashariki umelala chini na vyumba vinne vimekwenda nao. Nilikwenda kumpa pole. Kiwanja cha baba sasa kina magugu marefu, na nilipoyaona nilishukuru kwamba ni magugu tu.

Nyumba ya Somanda imekwisha. Masalu aliijenga kwa miezi mitatu, nami nilikaa pale kila siku na mwavuli, akaniita injinia. Mabati ni ya geji nzuri, sakafu ya saruji, jiko kila upande, milango haitazamani. Elizabeth aliingia Septemba. Alilipa miezi sita na akapanda mchicha nyuma wiki ile ile. Kodi yake nimeiweka kwenye kitabu chako.

Upande wa pili ulikuwa tayari siku hiyo hiyo. Wameshauliza watu watatu, mwalimu wa sekondari na mkewe, dada mmoja wa maabara, na karani wa mahakama. Wote ni watu wa mwaka mzima. Ndio hasa wale niliokuwa nakuandikia. Juzi karani wa mahakama alirudi mara ya pili, fedha ameishika mkononi.

"Mama, mbona upande huu bado hauna mtu?"

"Umechukuliwa."

"Na nani?"

"Na mtu wa Morogoro."

"Tangu Septemba? Analipa?"

"Halipi."

"Amesema anakuja lini?"

"Hajasema."

Ni kijana mstaarabu. Alizirudisha fedha mfukoni taratibu, akaniambia kwa upole kwamba hiyo siyo biashara, mama. Nikamwambia najua.

Dada yako,
Kwandu